Vifungo vya Koti

"Miti ya huko ina wazimu," Mama alisema kwenye simu. "Baridi inaingia, yenyewe inavua nguo!"

Nilicheka peke yangu kwenye benchi la bustani. Nilikuwa nikimwonyesha majani mekundu na ya manjano yaliyotanda hadi miguuni pangu. Katika nchi hii ya watu, hayo ndiyo niliyoyapenda haraka. Mume wangu anafanya zamu za usiku na mchana analala, kwa hiyo mimi huja kuyatazama peke yangu.

Simu niliishika juu, usoni tu, kama nilivyozoea miezi yote hii. Mama hakujua kwamba nina mimba. Ni ya kwanza, naye yuko mbali. Nilitaka alale usingizi wake mpaka nijifungue salama.

Upepo ukavuma ghafla. Nikakidaka kitambaa cha kichwa, na simu ikainama.

Mama akauliza polepole, "Na wewe unaiga miti? Mbona hujafunga koti?"

Nikavuta pande zote mbili. Kifungo cha juu kilifika kwenye tundu lake. Cha katikati kilikataa, hata nilipobana pumzi.

"Mama, nilitaka..."

"Mimi nimezaa, sikuhadithiwa." Akausogeza uso karibu, sauti ikashuka. "Mgongo ukikuuma usiku, nani anakukanda?"

Nikageuza simu, nikaielekeza juu.

"Tazama mti ule pale, Mama," nikasema. "Ule bado una majani."