Mpaka Maji Yajae

"Vua viatu, mwanangu, hapa ni kwenu," Mama Mwenyekiti wa kijiji alimwambia mpimaji wa ramani. Viatu vilipotoka tu miguuni, yule mama akavibeba na kwenda kuvisukumia uvunguni mwa kitanda chake.

Mgeni alikuwa amefika kwa miguu, na balaa lenyewe ndilo hilo. Maji yakitoka, kijiji kinaungana na bara kwa njia ya mchanga. Yakijaa, kinabaki peke yake baharini. Mabaharia wa kale walikichora kisiwa, lakini ramani mpya ilikuwa bado haijakamilika, na serikali ilishatangaza kwamba kila kisiwa cha pwani hii kongwe kitapewa kivuko. Rasi zitapewa pole.

Mwenyekiti alikwishamzika dada yake aliyekosa chombo cha kumvusha kwenda hospitali. Safari hii hakuwa na mchezo. Huyu bwana hatoki humu mpaka maji yajae, ayaone kwa macho yake mwenyewe.

"Mwongeze chai," alimwambia bintiye, aliyerudi juzi kutoka kazini mjini.

Binti akamimina. Lo, mtoto ana akili huyu! Hakuambiwa kitu, lakini tangu asubuhi alikuwa ndani ya gauni lake zuri kuliko yote, na sasa anatabasamu mpaka mgeni anapapasa meza akitafuta kikombe kilichoko mkononi mwake. Mwenyekiti alijipongeza kimoyomoyo kwa malezi.

Mpimaji hakutulia. Alifuta jasho, akachungulia dirishani kule kwenye mchanga, akakohoa. "Mama, kuna jambo lililonileta..."

"Jambo lipo tu, mwanangu. Kula kwanza."

Akala. Akaonyeshwa picha za ukoo, hata za watu ambao hakuna aliyekumbuka ni akina nani. Akasimuliwa magofu ya bandari ya zamani, ukuta baada ya ukuta. Kila alipofungua mdomo, Mwenyekiti aliujaza mkate.

"Mama, mwache basi aseme," binti alinong'ona.

"Nyamaza wewe, imebaki kidogo."

Hatimaye mawimbi yakasikika nyuma ya ua. Mwenyekiti akafungua dirisha lote, furaha imemjaa.

"Haya, bwana mpimaji, tazama! Kama hiki si kisiwa, ni nini?"

Mpimaji alitazama. Uso ukamshuka.

"Ni kisiwa, mama. Nilishakiandika mwezi uliopita, nilipopita na boti. Leo sikuja kupima." Akamtazama binti, na binti akatazama sakafu. "Mimi nilitangulia tu kupiga hodi. Wajomba zangu walikuwa wanafuata kwa miguu, na posa."

Ng'ambo ya maji, wazee watatu waliovaa suti walikuwa wamesimama, suruali wamezikunja hadi magotini, wakibishana nani aingie kwanza.