Waridi Hafifu

Matone yaliendelea kudondoka kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye bomba, na maji ndani ya chupa yakabaki maangavu vilevile, kama ya kunywa.

Jasho jembamba lilimtoka mwalimu mpya chini ya koti la maabara. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza chuoni, na alikuwa amelikariri lote, hata mzaha wa kufungulia. Alkali ikiizima asidi, maji yanageuka waridi. Basi.

Akafunga bomba. Ndipo alipoiona chupa ndogo ya kiashiria, dawa yenyewe inayoleta hiyo rangi, imekaa mezani na kizibo chake. Hakuwa ametia hata tone.

"Mmeona nini?" akauliza, ilimradi apate muda.

"Waridi, mwalimu!" wanafunzi arobaini wakaitikia.

Alidhani wanamtania. Akapita kati ya meza akichungulia madaftari. Waridi. Waridi. Mmoja, mjuaji kuliko wenzake, ameandika: waridi hafifu. Chini ya madaftari zilichungulia notsi za somo hilohilo za mwaka jana.

Angeweza kumshukuru Mungu na kufunga kipindi. Nani angejua?

Kwenye meza ya mwisho, binti mwenye miwani alikuwa ameandika: Hakuna kilichobadilika. Sasa alikuwa akiyafuta maneno hayo kwa nguvu, makombo ya raba yametapakaa kwenye karatasi.

Mwalimu akaweka kiganja juu ya daftari.

"Usifute, dada," akasema, na darasa zima likageuka. "Njoo mbele, tuwaambie wenzako nimesahau nini."