Sitini kwa Thelathini na Nane

"Usimwuzie huyu mama kitu chochote."

Lavender alikuwa ameshika mlango wa maikrowevu akieleza jinsi unavyofunguka, akauacha ukining'inia. Aliyesema hayo ndiyo kwanza anaingia dukani, bwana wa makamo aliyevaa koti zito la kijivu katika joto lote lile la Nyali.

Wateja wenyewe walikuwa wawili tu asubuhi ile. Mama aitwaye Selpher, mwenye kikaratasi cha vipimo kiganjani, na bwana mwenye ndevu nyingi aliyekuja naye. Walitaka maikrowevu ya kujengewa ndani ya kabati, si ya kuweka mezani, na Lavender alikwisha kuwaonyesha tatu.

Mwenye ndevu alimnyooshea mgeni mkono. Mgeni akaupita mkono ule kana kwamba haupo, akaenda moja kwa moja kwa Selpher.

"Shemeji, nimekupigia simu tangu jana."

"Nimeziona, Clifford."

"Basi twende nyumbani tukaongee."

"Nyumba hiyo hiyo ndiyo ninayoinunulia hii."

Clifford akaona heri amshitakie muuzaji. Alimweleza Lavender kila kitu, tena kwa kirefu. Huyu mama ni mjane wa kaka yake. Kaka alizikwa kwao bara mwaka juzi, ng'ombe akachinjwa, kijiji kizima kikashuhudia. Mila inataka mjane arudi nyumbani kwa wakwe, na ile nyumba ya Mikindani ishikwe na ukoo. Badala yake mama anapamba jiko.

Alitoa ratiba ya mazishi mfukoni mwa koti, akailaza kauntani na kuinyoosha kwa kiganja. Juu palikuwa na picha ya kijana aliyenyolewa vizuri, tai shingoni, na chini yake jina: Justus Wanyonyi Makokha.

Lavender aliingiwa na huruma. Kisha akamtazama upya yule mwenye ndevu, na safari hii hakumpenda hata kidogo. Mwaka juzi tu mtu kazikwa, na mwingine keshajipenyeza mpaka jikoni.

"Na huyu ni nani?" Swali lilimponyoka.

"Mume wangu," alisema Selpher, bila kutafuta maneno.

Mwenye ndevu akasogea kauntani. Clifford alirudi nyuma hatua mbili za haraka, mgongo ukagonga rafu ya birika za umeme. Lavender akaona hiyo ni dharau, na moyoni akampa Clifford haki.

"Hii itaingia?" aliuliza mwenye ndevu, akigusa maikrowevu ya katikati.

"Inategemea nafasi mliyo nayo. Fundi anaweza kuipanua kidogo."

"Haipanuliwi. Ni sentimita sitini kwa thelathini na nane, na nyuma imeachwa inchi mbili za kupitisha hewa." Hakuangalia kikaratasi.

"Nafasi ile marehemu aliipima mwenyewe," Clifford alimwambia Selpher, sauti ikikwaruza. Kwa yule mwingine hakutupa hata jicho. "Tulikwambia uizibe kwa plaiwudi. Jiko la mtu aliyekufa haliendelezwi."

Selpher alikikunja kikaratasi polepole, akakiweka kwenye mkoba. Alikuwa amekasirika, na hakutaka kuficha.

"Mliniambia nizibe. Mkaniambia nivue pete. Mkaleta watu wa kunirithi, na wa kwanza kwenye foleni ulikuwa wewe. Nafasi ile imekaa wazi miaka mitatu, Clifford. Niliweka kopo la sukari mle, na kila asubuhi nikilitoa nasema, haizibwi. Sikuiziba nilipokuwa nalia peke yangu, niizibe leo?"

"Ukoo utakutenga."

"Nitengeni. Mtanikuta nimeshapasha chakula changu."

Lavender aliuma mdomo asicheke. Alitaka kuwa upande wa marehemu, lakini mama huyu alikuwa anamvuta.

Mwenye ndevu hakuwa na haraka. Alifungua mlango wa moja, akafunga, akafungua wa nyingine. Ile ya kioo kitupu aliikataa. "Jikoni melini tulikuwa na ya kuzungusha," alisema. "Mikono ikiwa na mafuta, hizi za kugusa hazikusikii." Akachagua ya katikati, yenye vitasa viwili vya kuzungusha na mlango unaoangukia chini. Selpher aliinama akachungulia ndani, akapitisha mkono juu ya sahani ya kioo, akaitikia kwa kichwa.

Clifford alikwisha kufika mlangoni. Alisimama hapo akiwa amewapa mgongo, kama anayengoja mtu amwite.

Lavender alitoa fomu ya waranti. "Niandike jina la nani, mama au...?"

"Langu," alisema mwenye ndevu, akamsukumia kitambulisho kilicholika pembe.

Lavender aliandika jina la kwanza. Alipofika la pili kalamu ikasimama. Alitazama ratiba ya mazishi iliyosahauliwa kauntani, akatazama kitambulisho, kisha akainua macho akaanza kuutafuta, chini ya zile ndevu, uso wa kijana mwenye tai.

"Malizia tu, dada," alisema Justus, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Meli yetu ilipopotea na mwili wangu ukakosekana, mle kaburini waliweka shina la mgomba, na mgomba hauli chakula cha moto."