Mikono ya Mbonea

Zama hizo ufundi haukufundishwa tena, ulihamishwa. Chuo kiliwalaza fundi mkongwe na mrithi wake vitanda jirani. Walipoamka, mikono ya mmoja ilijua na ya mwenzake ilikuwa imesahau. Hivyo ndivyo Nakijwa alivyoupata uchomeleaji wa baba yake, Mbonea, ambaye bomba la mvuke aliloliunga halikuwahi kuvuja.

Asubuhi waliyorudi nyumbani, Mbonea alimwekea mkewe chai mezani kama kawaida yake, ila kishikio cha kikombe kilielekea kulia. Mkewe, mwenye shoto tangu kuzaliwa, alikigeuza mwenyewe.

“Chai nzuri?”

“Nzuri, baba Nakijwa. Sasa umestaafu, utaninywesha mpaka nikukimbie.”

Nakijwa alipopita nyuma ya kiti cha mama yake, mkono wake ulishuka wenyewe, ukaweka sawa khanga begani kwa mama, kisha kidole gumba kikampapasa shingo taratibu. Mama akafumba macho. Alipoyafumbua, alimwona mumewe amekaa mbele yake.

“Walisema watahamisha uchomeleaji tu,” Nakijwa akanong’ona.

“Mikono haina vyumba, mwanangu,” Mbonea alisema. “Unaripoti mitamboni lini?”

“Jumatatu, baba.”

“Basi nionyeshe kabla hujaondoka. Polepole.”

Hakuna aliyekuwa amemwonyesha mtu kazi kwa miaka mingi. Nakijwa aliushika mkono wa baba yake, akautuliza begani kwa mama. Ulikaa pale kwa adabu, kama mkono wa mgeni.