Kiti cha Mbele

"Fundi, kiti hicho kitanivunjia nyumba," alisema Hakimu, akikinyooshea kidole kiti cha mbele cha gari lake kana kwamba kilikuwa kizimbani. "Mama yangu na mke wangu hawasemezani tangu Jumapili."

Fundi alijipangusa mikono kwa kitambaa, akalizunguka gari polepole. Lilikuwa jeusi, refu, la kifahari hasa, lenye viti vya ngozi na mbao zilizong'arishwa kwenye dashibodi. Lilikwisha kupita mikononi mwa watu watatu kabla ya Hakimu, lakini maringo yake bado lilikuwa nayo. Juu ya mlango wa gereji kulikuwa na kibao: MTAALAMU WA MAGARI YA KIFAHARI. Kibao kilikuwa na miezi minne. Gari la kifahari la kwanza kuingia humo lilikuwa hili. Siku nyingine zote ni pikapu za mchanga na matofali.

"Linafanyaje, mheshimiwa?"

"Panda mwenyewe."

Fundi akausogeza mto mdogo alioukuta kitini, akaketi. Hakimu akawasha. Kufumba na kufumbua, mtetemo ukampanda Fundi kutoka makalioni, ukapita uti wa mgongo, ukaenda kukaa kwenye magego.

"Unausikia?" aliuliza Hakimu, macho yakimng'aa.

"Nnnausikia, mheshimiwa."

"Haya, hamia nyuma."

Nyuma kulikuwa shwari. Mtu angeweza kunywa chai asimwage tone. Hakimu alimtazama kwenye kioo, akatikisa kichwa kama mfiwa.

"Umeona? Huko hakuna kitu. Ndiyo maana kila safari ni ugomvi wa nani akae wapi. Nikatoa hukumu: mama asubuhi, mke wangu jioni. Wote wawili wakakata rufaa! Miaka ishirini na sita nimeamua kesi za mashamba, za mirathi, hata ya mbuzi aliyekula hati ya nyumba. Hii imenishinda. Ninachotaka ni kimoja tu: anayekaa mbele na anayekaa nyuma wasione tofauti."

"Hawataiona," alisema Fundi, akijipiga kifua.

"Lakini kagua kwanza ujue mtetemo unatoka wapi. Usinibahatishie."

Hakimu alipoondoka, Fundi akafungua boneti. Injini ilikuwa imevalishwa kifuniko cha plastiki, na ilimchukua nusu saa kujua tu kinavyovuliwa. Akajikaza. Akatoa plagi moja moja, zote safi. Akachomoa koili, akazirudisha. Akapitisha sikio kwenye mipira ya hewa, labda kuna unaovuja, hakuna. Siku hiyo alirudi nyumbani amenuna, kila akiulizwa kitu anaguna.

Kesho yake aliingia uvunguni na jeki. Akaweka kipande cha ubao chini ya injini, akaiinua kiasi cha unene wa kidole. Mtetemo ukakata kama redio iliyozimwa. Akaishusha, ukarudi. Akaiinua, kimya. Fundi akapiga vigelegele peke yake uvunguni, mpaka vumbi likamwingia kinywani. Mpira unaobeba injini, upande wa abiria, ulikuwa umepasuka na mafuta yote ya ndani yake yamemwagika. Injini ilikuwa imekaa chuma juu ya chuma, ikimtikisa kila aliyeketi upande ule.

Kuupata mpira mwingine ilikuwa shughuli nyingine. Alizunguka duka hadi duka mpaka miguu ikawaka moto. Mwishowe akaukuta kwa muuza vipuri mmoja mzee, bado mpya ndani ya nailoni yake, ukitumika kuzuia mlango usijifunge. Ilibidi amtafutie mzee jiwe kwanza ndipo akubali kuuachia.

Akaufunga. Akakaza nati, akakaza tena. Kisha, injini ikiunguruma, akasimamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya kifuniko. Sarafu haikuyumba. Akamwita muuza matairi wa jirani aje ashuhudie, na muuza matairi akavua kofia.

Siku ya tatu Hakimu alikuja na familia nzima. Mama yake alitangulia, mdogo wa umbo, fimbo mkononi, kaukunja uso. Mkewe alimfuata akitazama pembeni. Walipolifikia gari, hakuna aliyemwambia mwenzake neno.

"Karibuni, mama zangu," alisema Fundi, akawafungulia milango kwa mikono miwili kama wageni wa harusi. "Kuanzia leo ugomvi basi."

Mama akakaa mbele. Mke akakaa nyuma, akafumbata mikono. Hakimu akaingia upande wa dereva, akazungusha ufunguo. Fundi akasimama kando, kifua mbele, akiwatazama.

Mama akagonga sakafu ya gari kwa fimbo.

"Washa gari, mwanangu," alisema mama.

"Limeshawaka, mama."

Fundi alicheka kwa raha. Hakuwahi kusikia sifa tamu kuliko hiyo. Alikuwa tayari anaiona foleni ya magari meusi marefu mlangoni pake.

Ndani ya gari, mama alijisogeza kulia, akajisogeza kushoto, akakisukumia kiuno chake kwenye kiti na kungoja. Uso ukamwanguka.

"Mbona leo halinikandi?"

"Hata huko mbele?" aliuliza mkwe wake kutoka nyuma, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mama tangu Jumapili.

Hakimu akashuka, akaufunga mlango taratibu, akamsogelea Fundi.

"Nani alikutuma uuondoe mtetemo? Mimi nilikuletea uutie na kiti cha nyuma!"