Mteja Asiyeomba Kupunguziwa

Saa kumi na robo, na mteja alikuwa bado hajaomba kupunguziwa bei.

Redio, muuzaji, hakuwahi kuona jambo kama hilo. Katika duka lile la matrekta madogo ya kukata nyasi, hata aliyeingia kuuliza choo kiko wapi aliomba apunguziwe. Mwanamke huyu alikuwa amezunguka matrekta mawili kwa saa nzima, daftari mkononi, miwani puani, na neno "bei" halijamtoka.

"Huyu anazo," Redio alijiambia, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi. "Mwenye nazo haulizi."

Alimhitaji kuliko hewa. Asubuhi ile tajiri wake, mwenye duka, alikuwa amemwita ofisini. "Redio, miezi mitatu unaongea tu, hujauza hata boliti. Leo saa kumi na moja ikifika hujauza trekta, kesho lala kwako." Redio alijitetea kwamba ni kiangazi, nyasi zimekauka, nani atanunua trekta la kukata vumbi? Tajiri alimwonyesha mlango.

Na mkewe, alipokuwa akimfunga tai kabla hajatoka nyumbani, alikuwa amesema kwa ule upole wake wa kutisha: "Hii ni kazi ya tatu mwaka huu, baba watoto. Ukifukuzwa hapo pia, pitia kwa mama yako. Na ukae huko huko."

"Hebu nieleze tena, kaka," mwanamke alisema. "Jekundu linamfaa nani, na la bluu linamfaa nani?"

"Inategemea, dada. Uwanja wako una ukubwa gani?"

"Tuseme nusu eka."

"Basi jekundu! Linajipinda kama nyoka. Linazunguka miti, linazunguka bomba la maji, halivunji kitu."

"Na tukisema eka tatu, zenye mteremko?"

Redio alipiga hesabu ya haraka. Kumbe ana viwanja viwili! "Hapo la bluu, dada yangu. Linavuta tela, linabeba mchanga, linabeba mawe, hata mama mkwe ukimpata."

Mwanamke hakucheka. Aliandika. Redio alichungulia daftarini: aliandika hata la mama mkwe.

"Na mtu akisema la bluu ni ghali?"

"Mtu gani, dada?"

"Tuseme."

"Mwambie ahesabu vibarua anaowaita kufyeka mwaka mzima. Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakouza." Yeye mwenyewe hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe, ndiyo maana wakamwita Redio, lakini ushauri ni ushauri.

Mwanamke aliupigia mstari.

Nyuma ya kioo cha ofisi, tajiri alikuwa akiwatazama, kikombe cha chai mkononi. Redio alimwinulia kidole gumba. Tajiri naye akainua chake.

Mwanamke alikwea trekta jekundu, akaliwasha, likanguruma. Alipoinuka kushuka, likazima pu!

"Bovu hili?"

"Hapana! Kiti kina akili. Ukiinuka kinajua, kinazima injini usije ukakatwa miguu. Wateja wangapi wameondoka hapa wakidhani ni bovu!"

"Kwa hiyo mtu aambiwe kabla hajakaa," mwanamke alisema, akiandika.

Akahamia la bluu. Akageuza ufunguo. Likakohoa, likakaa kimya. Akageuza tena. Kimya. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja kasoro dakika kumi.

Mwanamke alifunga daftari.

Trekta la bluu lilikuwa na ukaidi wake, na dawa yake aliijua Redio peke yake. Hata tajiri alikuwa amejaribu mpaka akalipiga teke, akaumia yeye. Redio aliitunza siri ile kama mganga anavyotunza mizizi. Nani angemfukuza mtu ambaye bila yeye trekta haliwaki? Ndiyo kinga pekee aliyokuwa nayo duniani.

Lakini kinga ya nini, kama hakuna kesho?

Alisogea karibu. "Dada, hili sijamwambia mtu. Vuta choki yote, kishikio hiki cha kubana hewa. Kanyaga klachi mpaka mwisho. Hesabu tatu, polepole, achia choki nusu, ndipo ugeuze ufunguo."

Mwanamke alivuta, akakanyaga, akahesabu, akageuza. Trekta likanguruma mpaka vioo vikatetemeka. Ofisini, tajiri aliweka kikombe chini na kusimama.

Kwa mara ya kwanza mwanamke alitabasamu. Alifungua daftari tena. "Limebaki moja tu, kaka. Ufunguo wa choo unakaa wapi?"

"Msumarini, nyuma ya mlango wa stoo. Twende nikusindikize!"

"Usijali." Aliandika. Hakwenda.

Saa kumi na moja kamili tajiri alitoka ofisini akisugua mikono. "Vipi mama, umeridhika?"

"Sana. Anaeleza vizuri mno. Mtu hana haja ya kuuliza mara mbili."

Redio alikaribia kulia. Alishamwona mkewe akimfungulia mlango, akimvua tai kwa mikono yake mwenyewe.

"Basi, Redio," tajiri alisema, "mkabidhi funguo."

"Zipi, tajiri? Za jekundu au za bluu?"

"Zote."

Yote mawili! Kiangazi hiki! Alimwekea mwanamke funguo kiganjani kwa mikono miwili, kama mtu anayemvisha malkia pete.

"Na ule wa stoo," tajiri aliongeza, "na ule wa choo. Kesho saa mbili anafungua yeye."