Walioketi Chini ya Mnara

Walipofunga mnyororo kwenye mlango wa mnara, Fundi Plasta alikuwa ndani, na walimfungia kwa mapenzi.

Aliwaona kupitia dirisha la mlangoni, lenye upana wa daftari. Kinyozi alilivuta kufuli kulijaribu, akatia ufunguo mfukoni, akaketi na kuegemeza mgongo mlangoni. Wengine wakajipanga kando yake: muuza viatu, dada wa tiketi za sinema, wapiga picha wawili. Katikati yao alikaa mke wa fundi, mshonaji, futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Fundi, tulia humo!" Kinyozi alipaza sauti. "Hakuna wa kukutoa. Waanze na sisi!"

"Nifungulie, shemeji," alisema fundi. "Na muondoke hapo mlangoni, wote."

"Mnamsikia? Yeye ndiye yuko ndani, na bado anatuonea huruma sisi!"

Wakampigia makofi.

Alikuwa ameingia alfajiri. Mlinzi wa geti alimfungulia bila kumuuliza neno. Alikusudia kutoka kabla maduka hayajafunguliwa, lakini baiskeli yake aliiacha nje, na Kinyozi, ambaye hufika kazini kabla ya jua, akaitambua. Saa moja baadaye habari ilikuwa imeenea mtaa mzima: Fundi Plasta amejifungia mnarani, kreni ya kuuondoa ikija saa nne itamkuta humo humo.

Mnara ulikuwa kazi ya mikono yake. Miaka ishirini na miwili iliyopita, mtaa huu wa maduka na sinema ulipojengwa kwa sura ya mji wa kale wenye ngome, yeye ndiye aliyetandaza saruji juu ya wavu wa chuma, akaichonga ikawa mawe, akaipaka rangi ya ukungu na kutu. Wageni waliigonga kwa vidole kwa kutoamini. Sasa wamiliki wapya walitaka vioo na mabamba ya kijivu. Upande wa pili wa barabara ulikuwa umeshavalishwa, mlango kwa mlango, sura moja.

"Juzi nilikwenda sinema," sauti ya muuza viatu ilisikika. "Nimepanga foleni dakika ishirini. Kumbe benki!"

"Ukaomba bisi?"

"Niliomba. Wakanipa fomu."

Kicheko kililipuka. Fundi hakucheka. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika nguzo ya chuma katikati ya mnara, na shati lilikuwa limemganda mgongoni. Upepo ulipopita, kitu kililia juu ya kichwa chake, kama kitanda cha mgonjwa anayejigeuza. Akakaza mikono zaidi.

Kulikuwa na maneno machache ambayo yangewaondoa wote kwa dakika moja. Kila yalipomfika kooni alisikia sauti ya mkewe nje, nayo yakarudi tumboni.

Duka la mkewe lilikuwa hapo hapo chini. Wateja hawakujua namba ya chumba, walijua "pale mnarani." Mnara ungeondoka, na chumba nacho kingeondoka. Kwenye ramani mpya palikuwa pameandikwa maegesho.

Uso wa mkewe ukatokea dirishani.

"Baba Mapacha."

"Mama Mapacha, nenda nyumbani. Nakusihi."

"Siendi." Alikuwa akicheka na kujipangusa macho kwa wakati mmoja. "Nilimwambia dada yangu, huyu bwana ni mtu wa ndiyo mzee, ndiyo bosi, hawezi kumkatalia mtu. Ndoa yote nimekudharau kwa hilo, kimoyomoyo. Nisamehe. Leo ndiyo nimejua nimeolewa na nani."

Fundi akaegemeza paji la uso kwenye mawe yake ya saruji.

Saa nne kreni ikafika, na mbele yake gari la mhandisi. Mhandisi aliruka chini hata kabla gari halijasimama sawasawa.

"Ondokeni hapo! Ni hatari!"

"Hatari ni ninyi!" walimzomea.

Aliangalia juu ya mnara, kisha dirishani. Macho yake yakakutana na ya fundi, na rangi ikamtoka usoni. Akamkimbilia meneja wa wamiliki wapya, akamshika mkono, akaanza kumnong'oneza. Meneja akajipapatua. Simu zaidi ya mia zilikuwa zikimrekodi, na suti yake ilikuwa nzuri siku hiyo. Akainua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, tumewasikia. Mnara utabaki. Kreni irudi ilikotoka!"

Kreni ilipogeuka, mtaa ulipasuka kwa shangwe. Waliokuwa wameketi wakainuka na kucheza. Mtu alipata bati, akaligeuza ngoma. Watu wakamiminika kutoka kila duka, watoto mabegani, wakajazana mpaka kwenye ngazi za mnara, na ardhi ikawa inatikisika kwa miguu yao. Mhandisi alikuwa akipiga kelele mahali fulani, hakuna aliyemsikia. Kinyozi alikuwa amebebwa juu juu kama bwana harusi, na ufunguo ulikuwa naye.

"Nifungulieni!" fundi alipaza sauti.

"Subiri kwanza, shujaa! Hotuba!"

"Hotuba! Hotuba!"

Mkewe akakipokea kipaza sauti, akakipenyeza dirishani. Alikuwa amesimama wima kuliko fundi alivyowahi kumuona.

"Sema nao, mume wangu."

Fundi akakishika. Mtaa mzima ukanyamaza.

"Mama Mapacha," alisema, "waondoe watu hapo chini, taratibu, wewe ukiwa wa kwanza. Mimi ndiye niliyeajiriwa kuubomoa. Tangu alfajiri nimeshafungua bolti kumi na moja, na imebaki moja."